Misalaba ya Chaki kwenye Trotuari

Kutoka nyumbani kwetu hadi ofisini kwangu ni mwendo wa dakika kumi na tano kwa miguu, na kwa miaka tisa niliufanya kwa gari. Siyo kwamba nilikuwa mgonjwa. Nilipanda gari, nikazunguka barabara za njia moja, nikakwama nyuma ya mabasi, na mara nyingi nilifika nimechelewa kuliko mlinzi wetu, aliyekuwa akitoka mbali zaidi na hana hata baiskeli. Nikifika naegesha juu ya trotuari, magurudumu yote manne, kando ya mlango. Trotuari ndivyo tunavyoita hapa Lubumbashi ile njia ya waenda kwa miguu iliyoachwa kando ya barabara na waliouchora mji. Kila mtu alikuwa akiegesha hapo, nami sikuwahi kulifikiria jambo hilo zaidi ya hapo.

Ungeniuliza wakati ule kwa nini sitembei, ningekujibu haraka. Vumbi. Ukiingia ofisini na viatu vyekundu, mteja anakutazama miguuni kabla ya kukutazama usoni. Jua. Pikipiki zinazopanda trotuari kukwepa msongamano, kisha zinakupigia honi kana kwamba wewe ndiye uliyepotea njia. Mitaro isiyo na vifuniko. Wabadilisha fedha na viti vyao vya plastiki, wauza mayunite ya simu na miavuli yao, na wale wanaume wa milangoni mwa maduka wanaojiona wana haki ya kutoa maoni juu ya mwendo wa kila mwanamke. Yote hayo ni kweli. Lakini sababu ya kwanza, ile tusiyoisema, ni kwamba mtu mzima mwenye kazi akionekana kwa miguu katikati ya mji, watu huanza kutafuta kilichompata. Gari limeuzwa? Amefukuzwa kazi? Ameachika? Mimi mwenyewe niliwahi kumwona mwenzangu wa shule akitembea na mfuko mkononi. Nikapunguza mwendo, nikamhurumia vizuri, nikaenda zangu. Baadaye nikasikia alikuwa anakwenda kununua mkate.

Kazi yangu ni karatasi za forodha. Malori yanakaa foleni Kasumbalesa, mpakani, na mimi na wenzangu tunafukuzia mihuri mpaka yapite. Nalisema hili ili ieleweke kwamba baba alipopata kiharusi, nilikuwa mtu anayejiona fundi wa kupitisha vitu vilivyokwama.

Baba alikuwa mkaguzi wa reli. Babu alishuka kutoka kaskazini, upande wa Kabalo, kuja kutandika mataruma, na baba akaingia kazini humo humo. Kazi yake ilikuwa kutembea. Kila asubuhi alipewa kipande chake cha njia, akakifuata taruma baada ya taruma, akiwa na nyundo yenye mpini mrefu unaomfika kiunoni. Aligonga bolti, akasikiliza. Bolti iliyokaza ina sauti yake, na iliyolegea ina yake. Mahali pabovu aliweka msalaba wa chaki nyeupe juu ya chuma. Msalaba mmoja maana yake ni kwamba patengenezwe, treni ipite polepole. Misalaba miwili maana yake ni kwamba kisipite kitu chochote mpaka kibaya kiondolewe. Alituambia tukiwa wadogo kwamba misalaba miwili aliiweka mara chache sana, na kila alipoiweka alibaki papo hapo na bendera yake nyekundu, hata kula hakwenda, mpaka waje watu wa kutengeneza. Ilikuwa kanuni ya kazi yao: aliyesimamisha treni haondoki.

Kiharusi kilimkuta kanisani, amesimama kwenye mstari wa komunyo. Kilimshika upande wa kushoto. Mkono ulirudi baada ya wiki chache, mguu ukabaki nyuma. Daktari wake, binti mdogo mwenye sauti ya ukali, alimwambia mbele yangu bila kuzunguka.

"Papa, kama unaikala, ule muguu utakufa. Utembee kila siku, fasi ya sawasawa, na kila juma uongeze kidogo. Ukiikala ku kiti myezi tatu, hautasimama tena."

Baba akamwuliza atajuaje kwamba amepona. Daktari akasema hilo atalijua mwenyewe. Baba akasema, "Siku nitafika ku gare na miguu yangu, bila muntu kunishika, njo nitasema nilipona."

Gare, yaani stesheni ya treni, iko mwisho wa barabara ileile ya ofisi yangu, hatua kama mia moja mbele. Ndiko alikoanzia kazi na ndiko alikopewa barua ya kustaafu. Nilidhani ni jambo dogo, na nikamwahidi tutafika pamoja.

Uani kwetu ni mawe matupu. Mtaa wetu ni udongo na mashimo. Ardhi pekee ya sawasawa iliyo karibu nasi ni trotuari za katikati ya mji, zinazoanzia kwenye kona ya pili baada ya nyumba yetu. Ni pana, za zege, watu watatu wangeweza kupita sambamba wakiongea. Basi nikapanga kwamba kila siku nikitoka kazini narudisha gari nyumbani, kisha tunatoka wote wawili.

Baba akakataa. "Weye iko na motokari. Miye nitapita mu ville na fimbo, bantu baseme nini? Baseme mutoto alinitupa?"

"Baba, si ulitembea maisha yako yote?"

"Ile ilikuwa kazi."

Nilimburuta kwa maneno mpaka akakubali. Nilijifunga kitenge juu ya suruali yangu ya ofisini ili isiingie vumbi, na kitambaa kichwani, tukatoka. Hatua thelathini za kwanza zilikuwa nzuri. Kisha tukakuta muuza magodoro amepanga mali yake kutoka ukutani hadi barabarani. Tukapita kwa ubavu. Kisha duka la vyombo vya ujenzi, mikokoteni na mabeseni nje, mafagio yamesimamishwa katikati. Kisha wabadilisha fedha wanne, miguu imenyooshwa. Pikipiki ikatujia kwa mbele, dereva akapiga honi, baba akajibana kwenye ukuta wa watu na mkono wangu ukaumia kwa jinsi alivyoushika. Mbele ya duka la dawa tukafika mwisho. Bamba la zege lililofunika mtaro lilikuwa limeondoka, sijui tangu lini, na shimo lilikuwa na upana wa mlango. Chini kulikuwa na maji meusi na chupa. Wenye miguu mizima wanashuka barabarani, wanazunguka, wanapanda tena. Ukingo pale unafika karibu na goti. Mguu wa baba haukukubali kushuka.

Tukiwa tumesimama pale, gari likapunguza mwendo, kioo kikashuka. Alikuwa mama mmoja wa parokia yetu.

"Mama, pole sana. Kilio iko kwa nani?"

Kilio ndio msiba, matanga. Alikuwa ametuona kwa miguu, polepole, mimi na kitenge na kitambaa, akajumlisha. Nikamwambia hakuna aliyekufa, tunatembea tu. Akatikisa kichwa kwa huruma na kusema atapita jioni. Na jioni alikuja kweli, yeye na mume wake, wakakaa sebuleni karibu saa nzima wakinong'ona na kutazama sakafu, wakingoja tuwaambie marehemu ni nani. Baba alikuwa chumbani. Alisikia kila kitu.

Kwa siku tisa hakutoka. Nilimsihi, nikamtania, nikamtishia kumwita daktari. Alikaa kwenye kiti chake karibu na dirisha, na siku ya saba niliona kwamba akienda chooni ule mguu hauinuki tena, unaburutika sakafuni. Niliogopa sana. Nilimzika mama yangu, najua nyumba inavyokuwa mtu anapoanza kuondoka kidogo kidogo, na sikuwa tayari. Kwa kuwa mimi nikiogopa ninakuwa mkali, siku ya tisa niligombana naye.

"Kutembea bule-bule siwezi," alisema. "Muntu anatembea juu ya kitu." Yaani kwa ajili ya kitu.

Nikaingia chumbani kwake, nikapiga magoti, nikaitoa nyundo chini ya kitanda. Ilikuwa imefungwa katika gunia, mpini bado unang'aa kwa mafuta ya viganja vyake. Nikamwekea mapajani, na boksi la chaki nililokuwa nimelinunua siku ile kwenye duka la vitabu nikaliweka juu yake.

"Basi kuko kazi. Mu trottoir kuko dalle zinalegea kupita reli yako yote. Enda ukague."

Aliufuta mpini kwa kiganja. "Nani alinituma? Mukaguzi anatumwaka."

"Miye nakutuma."

Kesho yake nilipofika nyumbani alikuwa mlangoni, kofia yake ya kazi kichwani, daftari mfukoni. Nyundo ilikuwa fimbo yake sasa. Kwenye dalle ya kwanza, yaani bamba la kwanza la zege, akagonga na kuinamisha sikio. Akagonga la pili. La tatu lilijibu kwa sauti ya utupu, na uso wake ukabadilika, ukawa ule uso niliokuwa nikiuona utotoni akirudi kazini. Akachora msalaba mmoja mweupe. Akanipa daftari niandike: hatua nne kutoka kona, bamba la tatu, linacheza. Akanifundisha kutofautisha sauti, nami nikashangaa kwamba zege nalo linasema. Nilikuwa nimepita barabara ile maelfu ya mara na sikujua kwamba nusu ya tunachokanyaga kiko hewani.

Hakuwa akitembea tena kwa ajili ya mguu, na kwa hiyo mguu ukafuata. Kila jioni tuliongeza kidogo. Kilichozuia njia alikiwekea msalaba chini, mbele yake: magodoro, mikokoteni, kiti cha mbadilisha fedha, meza ya mama anayeuza samaki wakavu wa kutoka Kilwa ya kwetu, ya ziwani. Hakusema na mtu. Mkaguzi hagombani na bolti, aliniambia, anaiandika tu.

Baada ya wiki mbili hivi mambo yakaanza kubadilika, na mimi nikadhani ni wema. Magodoro yakaingia ndani. Mikokoteni ikaegemezwa ukutani. Wabadilisha fedha wakarudisha viti vyao nyuma, wakakunja miguu. Siku moja tukakuta mafundi wawili mbele ya duka la dawa wanaweka bamba jipya juu ya mtaro, saruji bado mbichi, na mwenye duka amesimama kando anawaharakisha. Na jambo la ajabu, hakuna aliyefuta msalaba hata mmoja. Watu waliikwepa wakitembea.

Mwenye duka la dawa ndiye aliyenieleza. Alinivuta kando baba akiwa mbele anagonga.

"Mama, tafazali. Ule papa anatumwa na nani? Na batu ba mairie? Umuambie mukubwa, siye tulishatosha bintu byetu yote. Basituvunjie."

Mairie ni ofisi ya meya, na kutosha, kwetu, ni kuondoa. Hapo ndipo nilipoelewa. Katika mji wetu, nyumba ikiandikiwa kubomolewa, watu wa serikali wanakuja na rangi nyekundu na kuchora msalaba ukutani. Baada ya msalaba inakuja mashine. Sasa kumekuja mzee mwenye kofia ya kazi, anagonga, anasikiliza, anachora, na nyuma yake mwanamke wa ofisini anaandika katika daftari. Rangi si ileile, lakini nani angekaa kujadili rangi?

Ningeweza kumwambia ukweli palepale. Niliitazama ile trotuari, wazi, pana, kama nilivyokuwa sijaiona tangu nikiwa mtoto. Nikamtazama baba akivuka bamba jipya bila kunitafuta mkono. Nikasema, "Nitamuambia." Uongo mdogo, na niliusema kwa furaha.

Ulidumu siku tano. Siku ya tano yule mama wa samaki alimngoja baba kwenye kona, akamtilia mkononi furushi lililofungwa kwa mfuko mweusi. Harufu ilijitangaza yenyewe.

"Papa, hii ni ya kukula na batoto. Ule musalaba yangu, uutoshe."

"Niutoshe juu ya nini?"

"Juu basikuye kunivunjia. Ile meza njo inasomesha batoto bangu."

Baba alilitazama furushi, akaitazama misalaba, akatazama mbele kule ambako watu wote walikuwa wamerudi ukutani na kutulia. Kisha akanigeukia. "Ulijua?"

Nikasema nilijua.

Alimrudishia mama samaki wake kwa mikono miwili, akageuka, akaenda nyumbani bila kugonga hata bamba moja. Nilimfuata. Sebuleni alikaa bila kuvua kofia.

"Hata siku moya," alisema, "sikukula kintu ya muntu juu ya musalaba. Na sikuogopesha muntu. Musalaba ni juu treni isianguke."

Nilimjibu vibaya. Nilimwambia hakuna aliyekula kitu, samaki umewarudisha, na njia iko wazi, na mguu wako unapona, na ukienda kuwaambia kwamba wewe si mtu wa serikali, kesho magodoro yatarudi na wewe utarudi kwenye hicho kiti, na mimi sitakuwa na la kumwambia daktari. Sauti yangu ilipanda mpaka majirani wakanyamaza. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniomba maji ya kunywa.

Kesho yake alipita duka kwa duka. Nilikuwa nyuma yake na daftari langu la aibu. Alisimama mlangoni, akavua kofia, akasema yeye ni mstaafu wa reli, ni mgonjwa, anafanya mazoezi ya mguu, hajatumwa na ofisi yoyote, na anaomba radhi kama aliwatia hofu. Muuza magodoro alicheka mpaka akashika mlango. Mwenye duka la vyombo vya ujenzi alimtukana, na baba akasimama akapokea matusi yake yote kama mtu anayesubiri mvua ipite. Mwenye duka la dawa aliuliza kwa uchungu, "Na dalle yangu?" Baba akaligonga bamba mara mbili kwa nyundo. "Dalle iko muzuri. Ni ya kwanza muzuri mu barabara yote." Jamaa hakujua acheke au akasirike.

Tulikuwa hatujafika nusu ya safari ya kurudi, magodoro ya kwanza yalikuwa yameshatolewa nje. Nilikuwa na hasira ya kuweza kuyakanyaga.

Siku iliyofuata baba aliomba twende hivyo hivyo. Tulipotokea kwenye kona, mali zote zilikuwa zimejaa njia kama zamani. Mama wa samaki alituona wa kwanza. Akasimama, akaweka mikono mdomoni.

"Treni inakuya!"

Akaishika meza yake na kuivuta ukutani. Mbadilisha fedha wa pembeni yake akalirudia, "Treni inakuya!", akainua kiti. Neno likatangulia mbele yetu, mlango kwa mlango: mafagio, mabeseni, miavuli, magodoro yakisimamishwa wima, hata yule mtukanaji wa jana akauvuta mkokoteni wake kwa mguu huku akitazama pengine. Hivyo ndivyo wanavyofanya wanaouza juu ya reli kule sokoni, siku ambayo treni inapita. Baba alikuwa ameviona vitu hivyo maisha yake yote kutoka upande wa reli. Alipita katikati, akigonga, mgongo umenyooka, na nyuma yetu meza zikarudi mahali pake. Mbele ya magodoro nililia, na muuza magodoro aliniona.

Nilifikiri njia ile sasa ni yangu pia. Asubuhi moja niliamua kwenda kazini kwa miguu, peke yangu. Hakuna aliyesogea. Nilimwambia mama wa samaki, kwa utani, kwamba mimi ni behewa la ile treni. Akanitazama kuanzia viatu.

"Weye iko na miguu yako, mama. Shuka mu barabara."

Nikashuka, nikazunguka, basi likanirushia vumbi, nikafika ofisini nimenuna. Kesho yake nilirudi kwenye gari langu.

Baba aliendelea. Wiki ya nane daktari alimpima na kumruhusu kutoka bila mimi, akaanza kwenda asubuhi, peke yake, nikiwa kazini. Jioni ananihesabia alipofikia: leo duka la dawa, leo duka la simu, leo kona ya taa. Zilikuwa zimebaki nyumba chache tu kabla ya stesheni, na mojawapo ilikuwa jengo letu. Sikulifikiria.

Ilikuwa kama saa nne asubuhi. Ofisi yetu iko ghorofa ya kwanza. Nilikuwa kwenye simu na mtu wa Kasumbalesa, nikasikia kwa mbali, "Treni inakuya!" Nikakata simu. Nikaenda dirishani, nikawaita wenzangu waje waone. Alikuwa anakuja, kofia kichwani, nyundo inagonga, meza zinamfungukia. Bati la paa la stesheni lilionekana mbele yake. Nilimwonyesha kwa kidole nikasema, "Yule ni baba yangu, leo anafika stesheni." Sikumbuki kama niliwahi kujivunia mtu kiasi kile.

Akafika chini yetu, akasimama.

Gari langu lilikuwa pale, ubavu mmoja ukutani, mwingine ukingoni, hakuna nafasi ya kupitisha hata mkono. Mbadilisha fedha wa mlangoni kwetu aliinuka na kiti chake, akalitazama gari, akatazama huku na huku. Kiti kinavutika, meza inavutika. Baba aligonga zege mbele ya gurudumu. Aliligonga gurudumu lenyewe, kidogo. Kisha akainama, akiushikilia mpini, akachora chini kitu ambacho kutoka juu sikukiona vizuri. Akanyanyuka, akangoja kidogo. Halafu akaanza kushuka barabarani.

Mguu mzima ulitangulia. Ule mwingine ulikuja na kujikwaa kwenye ukingo. Nyundo ikaanguka. Basi la abiria likapiga honi na breki kwa pamoja, na mimi nilikuwa tayari kwenye ngazi.

Nilimkuta amekumbatia kioo cha ubavuni cha gari langu, magari yanamzunguka, basi limesimama karibu yake kiasi kwamba kondakta alikuwa akimsemesha bila kupaza sauti. Hakuumia. Mguu ulikuwa unatetemeka na haukuweza kupanda tena ule ukingo. Mbadilisha fedha na mimi tulimpandisha. Akaokotewa nyundo na kofia.

"Baba," nikasema, "ile ni motokari yangu."

"Minajua."

Akanionyesha chini kwa mpini. Mbele ya gurudumu kulikuwa na misalaba miwili, pembeni kwa pembeni, imechorwa vizuri, bila haraka.

Nikamwambia twende, nimshike mkono, tuzunguke, stesheni ile pale. Alikung'uta vumbi la kofia kwenye goti, akaivaa, akasimama kando ya gurudumu langu na nyundo wima mbele yake.

"Apana," alisema. "Miye naikala hapa mpaka itoke."

Wenzangu walikuwa bado dirishani. Nikapanda ngazi kwenda kuchukua funguo.